Siku 27: kisa cha Alec Smith na bima ya mama yake

Barua ilikuja Jumanne, imechanganyika na vipeperushi vya pizza, nusura niitupe nayo. Ndani mlikuwa na mistari minne tu. Mtegemezi wako anakaribia kutimiza miaka 26. Bima yake kupitia kwako itakoma siku ya mwisho ya mwezi aliozaliwa. Ukiwa na swali, piga namba hii. Huyo mtegemezi ni kifungua mimba wangu, aliyezaliwa Mombasa akakulia hapa Minnesota, na wakati naisoma barua alikuwa jikoni anakula wali wa jana kwa kusimama, sahani mkononi, mlango wa friji wazi.

"Mama, mimi siumwi," akasema. "Mara ya mwisho kwenda hospitali ilikuwa lini vile?"

Sikumjibu. Nilikuwa namfikiria kijana mwingine wa jimbo hili hili, ambaye sikuwahi kumwona, lakini jina lake nalisoma mara kwa mara kwa sababu limo kwenye sheria. Usiku ule, baada ya kurudi zamu, nilikaa na karatasi na kalamu nikakipitia kisa chake mwanzo hadi mwisho. Sikutafuta huzuni, maana inatosha iliyopo. Nilitaka kujua ni wapi hasa njia ilikatika. Niliyoyapata ndiyo haya, na sehemu moja ya hesabu ilinishangaza hata mimi ninayeishi na hizi karatasi za bima mwaka wa kumi na tisa sasa.

Alec Raeshawn Smith alizaliwa Mei 20, 1991. Alikuwa meneja wa mgahawa Minneapolis, mshahara wake kama dola 35,000 kwa mwaka. Mwezi Mei 2015, siku chache kabla hajatimiza miaka 24, aligunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya kwanza. Hiki si kile kisukari cha wazee wetu kinachotulizwa kwa vidonge na kupunguza ugali. Mwili wa mwenye aina ya kwanza hautengenezi insulini, au hutengeneza kidogo mno isiyofaa kitu. Bila ya insulini ya kujidunga, sukari inabaki kwenye damu huku seli zikifa njaa, mwili unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na uchafu wa moto huo ni asidi. Damu ikishajaa asidi, mtu hutapika, huumwa tumbo, hupumua kwa nguvu kama aliyekimbia, kisha huzimia. Safari hiyo yote huchukua siku tu.

Kwa miaka miwili Alec aliishi chini ya bima ya mama yake, Nicole Smith-Holt. Mei 20, 2017 akatimiza 26. Juni 1 bima ikakatika. Juni 27 alikutwa amefariki nyumbani kwake, peke yake, zikiwa zimebaki siku tatu mshahara uingie. Kilichomuua ni hiyo asidi. Familia ilipokuja kuunganisha vipande, ilibainika kwamba insulini na vifaa vyake vya mwezi mmoja, bila bima, vilikuwa karibu dola 1,300, na kwamba alikuwa akiibana: anajidunga pungufu ya alichoandikiwa ili kilichopo kimfikishe siku ya malipo. Mama yake hakuambiwa.

Mimi ni muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kila asubuhi kabla ya chai napima sukari za watu wanane. Tone la damu kwenye ncha ya kidole, kijikaratasi kigumu, sekunde tano, namba inatokea. Halafu anakuja muuguzi mwenye leseni na chupa ya insulini. Chupa yenyewe haizidi kidole gumba: mililita 10, yuniti 1,000, maji maangavu tu. Ukiishika huwezi kuamini kwamba mtu anaweza kupiga hesabu ya maisha yake kwa kugawa yaliyobaki humo kwa siku zilizobaki mpaka ijumaa ya mshahara. Lakini hesabu hiyo wanaifanya wengi. Utafiti wa kliniki ya kisukari ya Chuo Kikuu cha Yale, uliofanywa miaka ile ile, ulikuta kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alikuwa akipunguza insulini kwa sababu ya bei.

Sasa turudi kwenye hiyo 26, maana watu wetu wengi hawaijui inatoka wapi.

Kabla ya mwaka 2010, bima nyingi za kazini hapa Marekani zilimtoa mtoto akifika miaka 19, au akimaliza chuo kama alikuwa anasoma. Vijana ndio waliokuwa kundi la umri lenye watu wengi zaidi wasio na bima. Sheria ya afya aliyoitia saini Rais Barack Obama Machi 23, 2010, wengi wanaijua kwa jina la Obamacare, ikasema hivi: mpango wowote wa bima unaokubali watoto wa mwanachama sharti uwakubali mpaka watimize 26. Ikaanza kwa mipango iliyoanza mwaka wake mpya kuanzia Septemba 23, 2010. Na ni sheria yenye mkono wazi kuliko watu wanavyodhani. Mtoto anaweza kuwa ameoa au ameolewa. Anaweza kuishi jimbo jingine, asisome, ajitegemee kwa kila kitu, awe na kazi yenye bima yake mwenyewe. Bado ana haki ya kubaki kwa mzazi. Wasiokuwemo ni mkwe na mjukuu. Nimeshuhudia mama mmoja wa Kikongo akimkatalia binti yake bima miaka mitatu mizima kwa kuamini kwamba akishaolewa ni wa watu wa mumewe. Kwa mila sawa, kwa bima sivyo.

Ila tarehe ya kutoka haifanani kote. Mpango mwingine humtoa siku yenyewe ya kuzaliwa, mwingine mwisho wa mwezi ule, mwingine hungoja mwisho wa mwaka wa bima. Kama mzazi alijinunulia bima mwenyewe kwenye soko la bima la serikali, hapa kwetu linaitwa MNsure, mara nyingi mtoto hubaki mpaka Desemba 31 ya mwaka aliotimiza 26. Na kwa familia zilizo kwenye Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, hiyo 26 haiwahusu: huko mtu huacha kuhesabiwa mtoto mapema zaidi, kisha hupimwa upya kama mtu mzima. Hili nalirudia kila nikikaa na wageni waliofika karibuni, maana wote wamesikia "ishirini na sita" redioni na wanadhani ni ya kila mtu.

Nilimsimulia haya dada yangu aliyeko Likoni, ambaye hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, na hunung'unika kila mwisho wa mwezi. Akacheka. "Yaani bima ya huko mnaizimisha kwa keki?"

Ndiyo, kwa keki.

Milango ya Juni 2017

Nilipoanza kukichambua kisa hiki nilikuwa na dhana moja, kwamba kijana alikosa pa kwenda. Si kweli, na hapo ndipo kisa kinapouma. Kwa sheria, siku Alec alipofariki, milango miwili ilikuwa bado haijafungwa. Ukipoteza bima ya mzazi kwa ajili ya umri, soko la serikali hukupa siku 60 za kununua bima yako bila kungoja msimu wa kujiandikisha. Na kwa waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria nyingine ya zamani, COBRA, humpa mtoto aliyetoka nafasi ya kubaki kwenye mpango ule ule wa mzazi hadi miezi 36, akilipa mwenyewe, na nayo ina siku zake 60 za kuamua. Yeye alikutwa amefariki siku ya 27. Zilibaki zaidi ya thelathini.

Tuanze na soko. Familia haikulala. Miezi kadhaa kabla ya siku ya kuzaliwa, Alec na mama yake walianza kutafuta. Medicaid hakuingia: kikomo cha mtu mmoja mwaka ule kilikuwa kama dola 16,600. MinnesotaCare, ambayo ni bima ya jimbo kwa wenye kipato kidogo walioizidi Medicaid, nayo ilikomea chini ya dola 25,000. Alec alikuwa na 35,000. Kazi yake haikuwa na bima, na mwajiri mwenye wafanyakazi wa kudumu chini ya 50 halazimishwi kutoa. Bima waliyoiona inafaa, kwa simulizi ya mama yake ambayo ameitoa hadharani mara nyingi, ilikuwa dola 450 kwa mwezi, na didaktibo ya dola 7,600.

Didaktibo ndiyo roho ya kisa hiki, kwa hiyo niieleze jinsi ninavyoieleza kwa mama wenzangu. Ni kizingiti. Unalipa bima yako kila mwezi, lakini ukiugua unalipa matibabu kwa mfuko wako mpaka ufike kiasi fulani. Hapo ndipo bima inaposhika. Kizingiti kirefu maana yake umelipia nyumba lakini mlango uko orofa ya tatu na ngazi ni juu yako.

Chukua kalamu. Sheria ya mwaka 2017 iliweka dari: mtu mmoja asitoe mfukoni zaidi ya dola 7,150 kwa mwaka kwenye bima za aina hii. Ile 7,600 ya kwenye simulizi inaipita dari hiyo, basi mimi nitahesabu kizingiti cha 7,000 tu, ili nisionekane natia chumvi. Bima za soko huhesabu kwa mwaka wa kalenda. Ukijiunga Juni, kizingiti hakipunguzwi kwa sababu umechelewa. Unakikuta chote, na Januari kinaanza tena upya. Kwa Alec, kuanzia Juni mpaka Desemba ni miezi saba. Mara 450, ni dola 3,150. Ongeza kizingiti 7,000. Jumla 10,150 kabla bima haijabeba mzigo wa maana. Na bila bima kabisa? Miezi saba mara 1,300 ni dola 9,100.

Nilirudia mara mbili nikidhani nimekosea kujumlisha. Kwa bei zile alizotajiwa, kununua bima kwa mwaka uliobaki kulikuwa ghali kuliko kukaa bila bima. Kwa hiyo kijana aliyeamua kungoja mpaka apate kazi yenye bima hakuwa mjinga wala mzembe. Alipiga hesabu sahihi kwa mtu asiyelazwa. Kasoro yake ni moja: safu ya 9,100 inadhani kwamba kila mwezi zile 1,300 zitakuwepo siku dawa inapoisha. Mshahara wa 35,000, kabla ya kodi, ni kama 2,900 kwa mwezi. Toa kodi, toa pango la Minneapolis, toa gari. Hazikuwepo.

Kuna jambo jingine dogo ambalo ni rahisi kulipita. Bima ya sokoni haianzi siku unayoichagua. Ukichagua baada ya ile ya zamani kukatika, inaanza tarehe moja ya mwezi unaofuata. Hata kama Alec angebadili mawazo Juni 10 akalipa zile 450, bima yake ingeanza Julai 1. Siku nne baada ya kukutwa. Mlango wa soko ulikuwa wazi siku 60, lakini kwa mwezi wa Juni wenyewe ulifungwa tangu Mei 31. Kuuwahi ilibidi achague Mei, akiwa bado ana bima ya mama, na hilo linaruhusiwa: dirisha hufunguliwa siku 60 kabla ya bima kukatika, si baada tu.

Mlango wa COBRA watu huucheka. Unalipa bei yote, sehemu yako na sehemu aliyokuwa akilipa mwajiri, na asilimia 2 ya usumbufu juu yake. Mwaka 2017 bima ya kazini ya mtu mmoja ilikuwa na wastani wa dola 6,690 kwa mwaka nchini. Ukipiga kwa asilimia 102 ukagawa kwa 12, unapata karibu 570 kwa mwezi. Kijana anayeshindwa 450 utamwambia 570? Ndivyo tunavyofikiri, na mimi nimewahi kumshauri mtu hivyo hivyo, "COBRA achana nayo."

Lakini tazama. COBRA ni mpango ule ule, mwaka ule ule. Kilichokwisha kulipwa kuelekea kizingiti tangu Januari kinahesabiwa. Mwenye ugonjwa wa kudumu, kufikia Juni, mara nyingi kizingiti chake cha mwaka ameshakipanda sehemu kubwa au chote. Miezi saba kwa 570 ni kama dola 4,000. Hata ukimwekea dola 300 nyingine kila mwezi za kuchangia dawa, haizidi 6,100. Ile 9,100 ya kukaa bila bima iko mbali, na ile 10,150 ya sokoni iko mbali zaidi. Sijui kurasa za mpango wa mama yake zilisemaje, na simpangii marehemu. Nasema kwa mtu wa hali yake, kwa bei za wastani, mlango uliobandikwa bei kubwa kuliko yote mlangoni ndio uliokuwa rahisi kuliko yote ukishaingia ndani. Kwa kijana asiye na dawa ya kila siku, hesabu inageuka, na COBRA inabaki kuwa pesa ya kumwaga.

Ana nani wa kumwambia hivyo? Hapa ndipo sheria inaponikera. Mtu akifukuzwa kazi, mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuutaarifu mpango ili karatasi za COBRA zitoke. Mtoto akitimiza 26, wajibu huo sheria imeuweka kwa familia. Mzazi au kijana ndiye wa kuandika kwamba fulani ametoka, ndani ya siku 60, la sivyo haki inapotea. Wapo waajiri wanaokumbusha kwa hisani yao, kama barua yangu ya mistari minne, ambayo neno COBRA halimo. Nimeigeuza nyuma na mbele.

Jambo la mwisho la COBRA: ukiichagua ndani ya muda na kulipa, inarudi nyuma mpaka siku bima ilipokatika. Wajanja huitumia kama mwavuli wa bure. Wanakaa kimya siku 59, wakiumia wanalipa, wasipoumia wanaiacha. Ni mbinu nzuri kwa mvunjika mguu. Kwa mwenye insulini haimfai, kwa sababu dirishani pa dawa hapana "itarudi nyuma." Mfamasia anatazama kompyuta, kompyuta inasema huna bima leo, na leo ndiyo 1,300.

Maswali ninayoulizwa

Kila nikikisimulia kisa hiki mtu huuliza: kwani hakuna insulini ya bei nafuu? Ipo. Walmart huuza insulini za kizazi cha zamani kwa kama dola 25 chupa, na majimbo mengi hutoa bila cheti cha daktari. Lakini si ile ile kwa chupa tofauti. Inaanza kufanya kazi polepole, inapanda na kushuka kwa saa zake, na mtu lazima ale kwa kuifuata yeye. Aliyefundishwa insulini mpya, miaka miwili tu tangu agundulike, akijibadilishia mwenyewe bila mtu wa kumwelekeza kipimo, anaweza kuanguka kwa sukari kushuka kabla ya kupanda. Wapo iliowaokoa. Wapo pia waliofia humo.

Wengine huuliza kwa nini hakumwambia mama. Kwa swali hili mimi hunyamaza kidogo. Alikuwa na miaka 26, meneja, ana nyumba yake. Mwanangu akiishiwa mafuta ya gari hunipigia. Akiishiwa pesa hanipigii. Sisi wenyewe ndio tuliowafundisha hivyo, tukawa tunawaambia jirani kwa fahari kwamba kijana sasa anajitegemea.

Na bei yenyewe? Wagunduzi wa Toronto waliiuza hataza ya insulini kwa chuo kikuu chao mwaka 1923 kwa dola moja moja. Chupa ya Humalog, insulini ya kampuni ya Eli Lilly, ilipoingia sokoni mwaka 1996 ilikuwa dola 21. Mwaka aliofariki Alec ilikuwa imepita 250, dawa ile ile, na kampuni zilizoshika soko zilikuwa tatu: Eli Lilly, Novo Nordisk na Sanofi. Ningeweza kuandika kurasa kumi hapa, lakini ni kisa kingine. Kinachohusu cha kwetu ni kwamba bima ya mama ilikuwa imemfichia Alec bei. Kwa miaka miwili aliona mchango wake tu. Siku aliyoiona bei halisi ndiyo siku aliyokuwa hana bima.

Nicole Smith-Holt hakukaa matangani. Alianza kwenda kwenye bunge la jimbo, St. Paul, yeye na wazazi wengine na wagonjwa wenyewe. Mwaka 2019 muswada ulikwama dakika za mwisho. Ulipita mwaka uliofuata, na gavana Tim Walz akautia saini Aprili 15, 2020, corona imewafungia watu ndani. Jina lake ni Sheria ya Alec Smith ya Unafuu wa Insulini. Kwa jinsi ilivyopitishwa, mtu mwenye dharura huingia duka la dawa na kitambulisho na cheti chake cha daktari, akajaza fomu, akapewa insulini ya siku 30 kwa malipo yasiyozidi dola 35, mara moja kwa mwaka. Mwenye shida ya muda mrefu huomba kwa watengenezaji wenyewe, apewe ya mwaka mzima kwa si zaidi ya dola 50 kila miezi mitatu. Ilipangwa kuanza Julai 1, 2020. Juni 30 usiku, chama cha kampuni za dawa kilikuwa kimeshafungua kesi ya kuipinga. Sheria ikaanza hivyo hivyo. Mwaka 2023 kampuni zote tatu, zikitanguliwa na Lilly mwezi Machi, zikatangaza kushusha bei za insulini zao nyingi kwa asilimia 70 na zaidi.

Ukiipitisha sheria hiyo juu ya Juni 2017, Alec anapona Juni. Anapata siku 30 kwa dola 35, mshahara unaingia, Julai inamkuta. Ni sheria nzuri na najua watu ambao imewavusha. Lakini ni ya insulini. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa seli mundu, ambao kwetu watu wa pwani na wa maziwa makuu si ugeni, mwenye figo iliyopandikizwa, hao 26 yao iko pale pale na hakuna fomu ya dharura yenye jina la mtu.

Mwenye pumu pia.

Maana huyu wangu asiyeumwa, kwenye droo ya gari lake, kati ya risiti na chaja, kuna inhela ya buluu. Ameishi nayo tangu darasa la pili. Ni fundi wa vipoza hewa kwa tajiri mwenye wafanyakazi kumi na wawili, kazi ya kupanda kwenye madari yenye vumbi, bima hakuna. Jumamosi alipokuja kuchukua chapati nilimkalisha mezani nikamwonyesha karatasi yangu, safu tatu, kama nilivyomfanyia Alec lakini kwa namba zake. Kwake soko lilishinda kwa mbali, kwa sababu dawa zake ni za bei ndogo na kizingiti si cha kukipanda kila mwaka. COBRA tukaikata kwa mstari. Alisoma safu ya katikati, ile ya kukaa bila bima, akakuna shingo.

"Na zile siku 60 tunahesabu kuanzia lini?" akauliza.

Nikamwonyesha kalenda ya msikiti iliyobandikwa kwenye friji. Siku ya mwisho ya mwezi wake nilikuwa nimeizungushia wino mwekundu. Akaweka kidole pale, akaanza kurudi nyuma, mraba kwa mraba, akahesabu kwa sauti ya chini, akafunua ukurasa, akaendelea. Kidole kikaishia kwenye Alhamisi ya juma lililopita.

"Kumbe limeshafunguka," akasema, akavuta kiti.